Verdiana Alivyomtembeza Sista Amparo Kwao

Ukifika Shanwe, pale Mpanda mjini, ukauliza habari za Verdiana, watu watakuanzia na mdomo wake. Ule mdomo, jamani! Mgahawa wake ulikuwa karibu na stesheni ya Mpanda, na abiria wa treni walikwenda pale kwa mambo mawili: migebuka, samaki wa ziwani Karema, aliyoikaanga ikakauka vizuri, na kutukanwa. Mtu akilalamika kwamba chai haina sukari, aliambiwa akamwambie mama yake aliyemlea kwa sukari. Na kesho yake mtu huyohuyo alirudi.

Alikuwa Mkonongo wa Inyonga. Akaolewa Karema na mvuvi mmoja mpole anaitwa Krispini, akaishi naye pwani ya ziwa mpaka Mungu alipomchukua, ndipo akahamia Mpanda mjini na watoto wake. Hakuwa mtu mkubwa, hakuwa na cheo chochote kanisani wala serikalini. Lakini alikuwa mtani, tena mtani wa kweli, na kwa ajili hiyo siku moja alipandishwa ndege akapelekwa Hispania.

Kwa wewe uliyetoka mbali, hebu nikuelezee kidogo. Mkonongo na Mfipa wa Karema hutaniana. Mtani anaruhusiwa kukusema mbele za watu, kukunyang'anya kuku, hata kukucheka msibani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeharibu, watu watakushangaa wewe, si yeye. Na siku ukipatwa na jambo ambalo ndugu zako wanaliogopa, mtani ndiye anayeingia kulishika kwa mikono yake. Sasa, mtani wa Verdiana alikuwa mzungu.

Aliitwa Amparo. Hakuwa mtawa, alikuwa nesi tu aliyekuja Karema akiwa msichana na wamisionari, lakini manesi wote huku tunawaita sista, basi akawa Sista Amparo. Alijifunza Kifipa kwa wagonjwa kabla hata Kiswahili hakijamkaa, na mtu akimuuliza kabila alijibu bila kucheka, "Mimi Mfipa." Siku Verdiana alipokuwa anajifungua mtoto wake wa pili, Sista alisimama pale kitandani akisema, "Sukuma! Sukuma!" Verdiana akafyatuka, "Sukuma wewe, Mfipa uliyekosa mume!" Manesi wengine walitaka kuingia chini ya vitanda. Sista Amparo alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda asianguke, na mtoto akazaliwa katikati ya kicheko hicho. Wakampa jina la Obadia. Alipopata nguvu, Verdiana alikwenda nyumbani kwa Sista, akamkamata jogoo wake mbele ya macho yake, akaondoka naye. Sista akamfuata mpaka jikoni, akachukua sufuria. Wakamla jogoo pamoja, na utani ukawa umefungwa.

Walitaniana hivyo miaka na miaka, mpaka mwaka tisini na tatu Sista alipopata kiharusi, mguu wa kushoto ukalegea, akarudishwa kwao. Karema ililia siku ile. Verdiana alitoka Mpanda kumuaga, akamwambia, "Nenda, mzee wewe, umetuchosha," halafu akageukia ziwani asionekane uso.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na sita, Padre Libérat aliyekuwa ametoka kwenye mapumziko Ulaya alimwita Verdiana sakristia.

"Nilipita kumwona Sista Amparo," akasema. "Nimemkuta, Verdiana, lakini ni kama sijamkuta. Amekaa kwenye kiti, dirisha limefungwa, tangu asubuhi mpaka jioni. Mguu umepona kiasi. Daktari amesema atembee, atoke nje, damu izunguke. Hataki. Daktari anasema akiendelea kukaa hivyo, mwaka hautaisha naye."

Sista alikuwa akiishi na binti wa kaka yake, mwalimu wa watoto wadogo aitwaye Puri. Huyo Puri alikuwa amebembeleza mpaka amechoka, na akamuuliza padre kama huko Afrika kuna mtu ambaye shangazi yake angemsikiliza, maana yuko tayari kumlipia nauli. Padre aliwaza njia nzima. Waliomheshimu Sista walikuwa wengi, Karema yote. Lakini hapo alihitajika mtu asiyemheshimu.

"Kwa hiyo umenikumbuka mimi," Verdiana akasema.

"Samahani."

"Usiniombe samahani, baba. Niambie tu kama kuna baridi."

Kulikuwa na baridi. Ilikuwa mwezi wa nne, wenyewe wanasema hayo ndiyo majira ya maua, lakini Verdiana alishuka kwenye basi katika mji wa Benamora akiwa amevaa koti la padre juu ya vitenge viwili. Mji uko mlimani, nyumba zote nyeupe pe! Zimepakwa chokaa na kubanana mpaka njia nyingine punda akipita wewe unajibandika ukutani. Puri alimpokea kwa mabusu kwenye mashavu yote mawili, Verdiana akamwitikia kwa kupiga makofi ya salamu kama kwetu, na hivyo kila mmoja alimshangaa mwenzake wakapendana palepale.

"Hodi! Hodi humu ndani, Wafipa!" Verdiana alipaza sauti mlangoni.

Chumba kilikuwa na giza. Sista Amparo alikuwa kwenye kiti cha mbao chenye kikalio cha majani ya kusuka, blanketi magotini, amepungua. "Karibu, Verdiana," akasema kwa sauti ndogo.

Verdiana alisubiri. Hakikuja kingine.

"Nimepanda treni, nimepanda ndege, mgongo umekufa, halafu unaniambia karibu? Hata tusi moja? Hata kuniuliza nani amenipa koti la mwanaume?"

"Nimechoka, mtani."

Hapo Verdiana aliogopa kweli. Alikuwa amewaona wagonjwa wengi maishani, lakini Mfipa asiyerudisha tusi hakuwahi kumwona. Alikaa naye siku ile yote akimpa habari za Karema, nani ameoa, nani amehama, na Sista aliitikia kwa heshima tu, neno moja moja. Ile heshima ilimuuma Verdiana kuliko baridi.

Kesho yake alikuwa anatoka jikoni na kahawa, akasimama mlangoni. Paka wa jirani alikuwa ameruka dirishani. Sista akanyanyuka, akamfukuza, akafunga dirisha, akarudi kukaa. Mguu ulikokota kidogo, lakini ulikwenda na ukarudi. Aha, Verdiana akasema moyoni, basi kumbe ugonjwa hauko mguuni.

Jioni ya siku hiyo, jua likiwa bado liko juu ingawa kwetu watu wangekuwa wameshakula, alisikia miguu mingi barabarani akachungulia. Watu walikuwa wametoka nje, mji mzima! Wazee wamevaa makoti, wanawake wamechana nywele vizuri, watoto wamevalishwa soksi safi, na wote wanateremka polepole kuelekea kanisani. Hakuna aliyebeba kitu. Si ndoo, si kikapu, si jembe. Na ilikuwa siku ya kazi. Verdiana hakuhitaji kuelezwa. Mji mzima ukioga, ukavaa, ukaenda polepole mikono mitupu siku ya kazi, kuna mtu amefariki.

Hakukaa kitako. Alijifunga kanga kiunoni, nyingine akajitanda kichwani, akatoka akaingia kwenye msafara. Akaona bibi mmoja amevaa nguo nyeusi tupu, akajua huyu ndiye mfiwa. Akamshika mkono. "Pole, mama. Pole sana. Mungu amlaze mahali pema." Bibi yule hakuelewa neno, lakini mkono aliupokea, wakaenda pamoja. Walifika mwisho wa barabara. Watu wote wakageuka. Verdiana naye akageuka. Wakaenda mpaka mwisho wa upande wa pili, wakageuka tena. Verdiana akafikiri, jamani, hawa wamepotea, nyumba ya msiba hawaijui. Halafu akaona watoto wananunuliwa aiskrimu, na wazee wanacheka kwa sauti. Aiskrimu msibani! Alimwachia bibi mkono, akarudi nyumbani amefura.

"Sista! Mjini kuna msiba na wewe umekaa! Tena watu wenu hawana adabu, wanalamba aiskrimu maiti iko ndani. Marehemu ni nani?"

Sista Amparo alimwangalia, kanga kiunoni, kanga kichwani, uso umekunjamana kwa huzuni ya kuwalilia watu wasiofiwa. Mabega yakaanza kutikisika. Verdiana akadhani analia, akamkimbilia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka blanketi likaanguka.

"Hakuna msiba," akasema alipoweza. "Wanatembea."

"Wanakwenda wapi?"

"Hawaendi popote. Wanatembea tu, waonane, wasalimiane."

"Kila siku?"

"Kila siku, hali ya hewa ikiwa nzuri."

Verdiana akakaa chini kulitafakari jambo hilo. Watu wazima, wenye akili zao, wanavaa viatu kwenda mahali ambapo hawaendi. Mwishoni akalipenda. "Basi nipeleke na mimi. Mgeni hutembezwa. Nitarudi Mpanda niseme nini, nilifika kwa Mfipa akanifungia ndani?"

Kicheko kilikatika. "Mguu, Verdiana."

"Mguu gani? Ule uliomfukuza paka?"

Sista alinyanyuka kuokota blanketi, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake, maana alipogeuka kiti hakikuwepo. Verdiana alikuwa amekibeba. Alitoka nacho mlangoni, akakiweka barabarani, akakikalia yeye mwenyewe.

"Rudisha kiti changu!"

"Chako kilikuwa. Mimi ni nani kwako?"

Sista alisimama katikati ya chumba bila mahali pa kukaa. Angeweza kwenda kulala, angeweza kumwita Puri. Lakini mtani akishachukua ameshachukua. Kitu kilichobaki ni kukifuata ukakigombanie. Alijua hivyo kwa sababu alikuwa ameishi kwetu muda mrefu kuliko kwao. Akatoka. Akasimama kwenye jua, akiwa amekunja macho, na kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwaka uliopita watu wa mtaa ule wakamwona. Puri, aliyekuwa dirishani juu, aliziba mdomo kwa mikono miwili.

Siku ya pili kiti kilifika kwenye kona. Siku ya tatu kilifika uwanja wa kanisa. Verdiana alikibeba kichwani bila kukishika, akipanda na kushuka ngazi za njia zile nyembamba, na nyuma yake Sista na fimbo yake akimgombeza kwa Kiswahili mji mzima ukisikia. Watoto wakawafuata. Mwenye duka la mikate alitoka nje kila siku kuwaangalia wakipita, na siku walipochelewa aliuliza wako wapi.

Na kila waliyekutana naye, Verdiana alimsalimia. Hakusalimia kwa kupita. Hiyo kwetu ni matusi. Alishusha kiti, akapiga goti, akapiga makofi polepole, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua. Mzee mmoja aitwaye Fermín, aliyekuwa kwenye benchi, alivua kofia kwa mshangao, na kwa kuwa alikuwa mtu muungwana alitaka naye apige goti. Akapiga. Kunyanyuka ikawa kazi, walimvuta wote wawili. Na kwa kuwa Verdiana hakujua hata neno moja la lugha yao, kila salamu ilibidi Sista aitafsiri, na kila jibu pia. Alipoona hivyo, Verdiana akaanza kuuliza maswali marefu makusudi. Akauliza mizeituni inazaa baada ya miaka mingapi. Akauliza kwa nini machungwa ya barabarani hayaliwi, hata baada ya kuonja moja na kupata jibu mwenyewe mdomoni.

Ila kulikuwa na jambo. Wazee walipomwangalia Sista vizuri walisema maneno mengi, wakataja jina, Angustias, Angustias, wakamgusa mkono. Na Sista alipotafsiri yalitoka machache. "Amesema nini?" "Amesema karibu." Verdiana akalimeza hilo, akalihifadhi.

Walitembea. Waliteremka mpaka mashambani, ngano ikiwa bado kijani na maua mekundu yamejiotea humo bila kupandwa, mekundu mpaka unataka kuuliza nani ameyaacha. Mizeituni imepangwa mistari juu ya vilima mpaka macho yanachoka, na nyuma ya vilima milima yenye theluji, na wewe huku jua linakuchoma mgongo. Jumapili moja Puri aliwapeleka Granada kwa basi kuona majumba ya wafalme Waislamu wa zamani. Kuta zimechongwa maandishi ya Kiarabu kutoka chini mpaka juu, na maji yanapita katikati ya sebule kwenye mifereji ya marumaru, taratibu, hayamsumbui mtu. Verdiana aliweka mkono ndani ya maji yale. Alifikiria wanawake wa mtaa wake na ndoo zao kichwani, akasema, "Wafalme hawa walikuwa na wake waliokataa kwenda kisimani." Sista akatafsiri, na watalii wasiowajua wakacheka. Kiti siku hiyo walikisahau nyumbani na hakuna aliyekumbuka mpaka jioni.

Lakini nje ya Benamora palikuwa na njia panda. Kulia kwenda mashambani, kushoto kwenda kwenye ukuta mweupe wenye miti mirefu myembamba iliyochongoka. Kila walipofika hapo Sista aligeuka kulia kabla ya Verdiana hajafungua mdomo. Siku zikiwa zimebaki chache, Verdiana, kiti kichwani, alishika njia ya kushoto.

"Siendi huko," Sista akasema.

"Kuna nini?"

Sista alisimama ameegemea fimbo kwa mikono miwili. "Mama yangu," akasema. "Angustias ni mama yangu. Alikufa mwaka sabini na nane. Telegramu ya kusema anakufa ilifika Karema mwaka wa kipindupindu, siku ambayo wagonjwa walikuwa wamelala sakafuni mpaka barazani. Nikaiweka mfukoni mwa aproni. Nikasema kikipungua nitakwenda. Kilipopungua mama alikuwa ameshazikwa, na kaka yangu akakataa kusema na mimi mpaka naye akafa. Watu wa hapa wote wanajua. Nikitoka nje wananiona, huyu ndiye asiyekuja kumzika mama yake. Wananisalimia vizuri, Verdiana. Afadhali wangenitukana."

Verdiana alishusha kiti. Akakikalia.

Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa barazani pale. Krispini alikuwa amemleta kwenye baiskeli, amefungwa kwa kitenge asidondoke. Alikumbuka mkono wa Sista umeshika mkono wake, maji ya dripu yakiingia, na kila alipotaka kufumba macho alipigwa kofi la shavu: "Usilale, Mkonongo! Ukifa nani atanitukana?" Habari hiyo alikuwa ameisimulia mgahawani mara ngapi sijui, na watu wakacheka. Hakujua hata siku moja kilichokuwa ndani ya mfuko wa aproni iliyokuwa inamgusa usoni.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngeniambia niende."

Ni kweli wangemwambia. Na angekwenda, Obadia na dada yake wangelelewa na watu wengine. Verdiana alimwangalia mwanamke yule mzee, na alimpenda siku ile kwa namna iliyomuumiza kifua. Walirudi nyumbani bila utani, na kiti alikibeba mkononi.

Lakini asubuhi aliamka akiwa mtani. Kwetu aliyechelewa msiba hanyemelei kaburi peke yake kama mwizi wa mahindi. Anatangulia mtu analia kwa niaba yake, mtani anasema yanayopaswa kusemwa, mchelewaji anatupa udongo wake, imekwisha, anakuwa mfiwa kama wafiwa wengine. Alimweleza Sista hivyo wakiwa wanakunywa kahawa. Hakumwomba. Alijifunga kanga kiunoni, akamwambia Puri kwa ishara avae viatu.

Kwenye lango alianza. "Uwiii! Mama yetu! Uwiii! Tumechelewa!" Mlinzi wa makaburi alitoka mbio na ufagio. Yule bibi wa nguo nyeusi, anaitwa Trini, aliyekuwa anabadilisha maua ya mume wake, alimtambua mwanamke aliyempa pole barabarani, akaacha maua yake akawafuata. Puri akaonyesha njia. Verdiana akaingia akilia, akatafuta makaburi kwa macho, na kilio kikakatika katikati. Hapakuwa na makaburi. Palikuwa na kuta ndefu nyeupe zenye milango midogo ya mawe, ghorofa juu ya ghorofa.

"Wako wapi?"

"Humo," Sista akasema. "Ukutani."

"Mmewaweka watu kabatini!"

Mlango wa Angustias ulikuwa usawa wa kifua, na jina limechongwa. Sista alisimama mbele yake, halafu akaanza kurudi nyuma. Verdiana akapita mbele, akapiga goti, akapiga makofi.

"Mama Angustias, shikamoo. Mimi Verdiana wa Krispini, Mkonongo, natoka Mpanda. Nimekuletea mwanao aliyechelewa. Usimseme yeye, nisikilize mimi kwanza. Siku ulipokufa alikuwa ameshika mkono wangu. Nilikuwa naharisha roho. Nilikuwa na watoto wawili wadogo, na sikumwachia. Kwa hiyo ukitaka kugomba, gomba na mimi, maana mimi ndiye niliyekuchukulia mtoto. Nilimchukua na sikukuomba. Asante, mama. Ulizaa mtu." Akaikaza kanga kiunoni. "Ila na mimi nina lawama yangu. Hukumfundisha kupika. Ugali wake una madonge! Miaka yote ile tumekula madonge ya mwanao tukinyamaza kwa sababu ni mzungu. Hilo nakulaumu wewe, mama, mbele ya kabati lako."

Nyuma yake sauti ikatoka, imejaa machozi na hasira, sauti ya Karema. "Mwongo! Mwongo mkubwa wewe! Mkonongo usiyejua hata kuosha sufuria! Ugali wangu hauna madonge!"

Verdiana alifumba macho akashukuru Mungu. Lilikuwa ndilo tusi la kwanza.

Halafu Sista alilia. Alilia kwa sauti, kwa lugha ya kwao, kwa Kifipa, kwa kila namna ya kulia, ameegemeza paji la uso kwenye jiwe, na Trini amemshika upande mmoja na Puri upande mwingine. Udongo hapakuwa nao, sakafu yote saruji. Verdiana akachimbua kwa vidole kwenye chungu cha maua ya jirani wa marehemu, akaomba radhi kwa jirani huyo, akampa Sista kiganjani. Sista akauweka kwenye kizingiti cha ule mlango mdogo, akaubonyeza kwa kidole, taratibu, mpaka ukakaa. Mlinzi alivua kofia, ufagio wake ukabaki umesimama bila kazi.

Siku ya kuondoka, basi la Granada lilikuwa la jioni. Verdiana alikuwa amejiandaa kuagana tangu asubuhi. Alijua atakavyosimama, alijua matusi atakayomwachia, na alijua Sista atalia na yeye atageuka asionekane, maana hawakudhani wataonana tena na hakuna aliyelitamka. Walikwenda stendi pamoja, Sista na fimbo yake, Verdiana na mzigo wake. Basi lilikuwepo, dereva hakuwepo. Walikaa. Jua likaanza kulegea, na watu wakaanza kutoka majumbani, wamechana nywele, wamevaa soksi safi. Bibi Trini akapita na wenzake wawili, akaita, "Amparo!" akapunga mkono.

Sista akaliangalia basi. Akawaangalia wale mabibi.

"Mtani," akasema, "dereva wako anachelewa."

"Atakuja."

"Atakuja, ndiyo." Akanyanyuka. Akamkumbatia Verdiana ghafla, kwa nguvu ambayo Verdiana hakujua bado anayo, akamwachia. "Haya, kwaheri. Wananisubiri."

"Unaniacha stendi? Mimi? Nimetoka Mpanda!"

"Si ulisema nitembee?"

Na akaenda. Aliwafikia wale mabibi, Trini akamshika mkono, wakaanza kuteremka polepole kuelekea mahali ambapo hawaendi. Verdiana alisimama juu ya mzigo wake, akamtukana kwa sauti yake yote, Mfipa asiye na fadhila, Mfipa wa kutupa wageni, mji mzima ukageuka kumwangalia. Sista alinyanyua fimbo juu, akaendelea na safari yake.

Dereva alipokuja kufungua mlango alimkuta mama huyu analia na kucheka kwa pamoja. Akamuuliza kitu kwa lugha yao, kwa wasiwasi.

"Ameniacha," Verdiana akamjibu kwa Kiswahili, akipanda na mzigo wake. "Ameniacha, bwana. Hata kugeuka hakugeuka."